Kutoka Tikiti ya Kodi hadi Tokeni: Historia ya Kupinga Ankara Isiyo Sahihi ya Kaya katika Butiama, 1922–2023

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna kaya za Butiama, mkoani Mara, zilivyopata na wakati mwingine zilivyopoteza uwezo wa kupinga dai lisilo sahihi la malipo, kuanzia kodi ya kibanda ya wakati wa Waingereza hadi ankara za maji na umeme wa malipo ya kabla. Hoja yake ni kwamba kila dai la malipo huhesabu kitu kinachowekwa badala ya kaya yenyewe: kibanda, dira au mita. Makosa mengi huzaliwa katika pengo lililopo kati ya kitu hicho na maisha halisi ya nyumba. Kaya imefanikiwa kupinga pale ilipokuwa na kumbukumbu yake ya maandishi na pale palipokuwa na chombo cha tatu cha kuisikiliza. Insha inahitimisha kwamba malipo ya kabla yameondoa baadhi ya makosa ya zamani, lakini yameondoa pia nafasi ya kubishana kabla ya kulipa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania, ankara yenye kiasi kisichoeleweka ina jina lake: bili ya kubambikiwa. Neno hilo ni zito. Kubambikiwa ni kubandikwa jambo usilolifanya, kama mtu anavyobambikiwa kesi. Lugha yenyewe inaonesha kwamba raia hawaioni ankara ya namna hiyo kuwa kosa la hesabu tu. Wanaiona kuwa ni tuhuma. Anayeipokea hujikuta katika nafasi ya mshtakiwa anayepaswa kujitetea, ilhali ni mtoa huduma anayedai fedha.

Maandishi kuhusu historia ya huduma za jamii nchini yamejikita zaidi katika sera, mitaji na miundombinu. Ankara imeachwa kwa wahasibu. Hata hivyo, ankara ndiyo karatasi ambayo kwayo dola na kaya hukutana kila mwezi, na kwa familia nyingi ndiyo waraka pekee wa kiserikali unaofika mlangoni bila kuitwa. Kuichunguza ni kuchunguza uhusiano wa raia na mamlaka katika kiwango cha chini kabisa.

Butiama inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu tatu. Kwanza, ni eneo la Wazanaki lililopitia kwa ukamilifu vipindi vyote vikuu vya utozaji: kodi ya kibanda chini ya machifu, maji ya bure ya enzi ya Ujamaa, uchangiaji wa gharama, mamlaka za maji na hatimaye malipo ya kabla. Pili, ni mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa mwaka 1999, mwasisi wa sera ambazo kwa muda ziliiondoa ankara ya maji vijijini. Tatu, Butiama ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Musoma Vijijini hadi ilipopata hadhi ya wilaya mwaka 2012, na ofisi za uamuzi zilikuwa mbali na walipaji. Umbali huo, kama itakavyoonekana, una nafasi yake katika historia ya malalamiko.

2.0 Kibanda Kama Kipimo: Kodi na Tikiti Yake

Dai la kwanza la fedha lililoelekezwa kwa kaya za Butiama kwa mfumo wa kudumu halikuwa la maji wala umeme. Lilikuwa kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922. Baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, ukusanyaji uliwekwa mikononi mwa machifu, nao wakawa na hazina zao. Kwa Wazanaki, Chifu Burito Nyerere, baba yake Julius, alishika uchifu tangu 1915 hadi kifo chake mwaka 1942.

Kodi hiyo ilihitaji kitu cha kuhesabika kwa macho, na kibanda kilikuwa rahisi kuhesabu. Lakini mji wa Kizanaki haukuwa kibanda kimoja. Katika boma la mume mwenye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, na Burito mwenyewe alikuwa na wake 22. Mkusanyaji aliyehesabu vibanda aliona nyumba nyingi zenye uwezo wa kulipa. Mwenye mji aliona familia moja yenye zizi moja na mkuu mmoja. Kibanda kilikuwa kipimo cha serikali, wala hakikuwa kipimo cha uchumi wa kaya. Mwaka wa njaa au wa ugonjwa wa mifugo, idadi ya vibanda ilibaki ileile ingawa uwezo wa kulipa ulikuwa umetoweka.

Katika mazingira hayo kulikuwa na silaha moja tu ya mlipaji: tikiti ya kodi. Aliyeshikwa njiani bila tikiti alihesabiwa kuwa mkwepaji. Aliyekuwa nayo alipita. Tikiti ilitunzwa kwa uangalifu kwa sababu ilikuwa ushahidi usiotegemea kumbukumbu ya mkusanyaji. Hapa ndipo penye mzizi wa jambo linaloonekana katika vipindi vyote vinavyofuata. Mlipaji alijifunza mapema kwamba neno lake peke yake halitoshi mbele ya daftari la mamlaka, na kwamba daftari hujibiwa kwa karatasi. Methali ya mali bila daftari hupotea bila habari ilipata maana mpya: hata deni bila risiti hurudi bila habari.

Palikosekana, hata hivyo, sikio la tatu. Chifu alikuwa mkusanyaji, na baraza la kusikiliza shauri lilikuwa lake. Juu yake alikuwapo ofisa wa wilaya huko Musoma, ambaye mapato hayo yalikuwa sehemu ya kazi yake. Malalamiko yaliweza kupanda ngazi, lakini kila ngazi ilikuwa na maslahi katika dai lenyewe.

3.0 Maji Bila Ankara, 1965–1991

Uhuru ulileta jaribio kubwa la kuvunja uhusiano kati ya huduma na malipo. Machifu waliondolewa madaraka ya kiserikali mwaka 1963. Mwaka 1965 serikali iliamua kubeba gharama zote za ujenzi wa miradi ya maji vijijini, na mwishoni mwa muongo huo ikabeba pia gharama za uendeshaji na matengenezo. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 uliolenga kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Operesheni ya kuhamia vijijini ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu mahali ambapo, kwa nadharia, bomba moja lingewafaa wengi.

Kwa upande wa Butiama, chanzo kilichotazamiwa kilikuwa Ziwa Viktoria. Mradi wa Mugango–Kiabakari ulichukua maji ziwani Mugango na kuyasukuma kwa mitambo kuelekea Kiabakari na Butiama. Jiografia hiyo ilikuwa na gharama yake. Maji ya ziwa hayapandi mlima yenyewe. Lazima yasukumwe, na kusukuma kunataka nishati kila siku. Kijiji kilichochota bure kilikuwa kimeunganishwa, bila kujua, na ankara kubwa ya mafuta au umeme iliyolipwa mahali pengine.

Katika kipindi hiki mwananchi hakuwa na ankara ya kupinga. Je, alikuwa na haki zaidi? Jibu linahitaji uangalifu. Aliondokewa na hofu ya kukatiwa maji kwa deni, na hilo lilikuwa badiliko kubwa kwa mama aliyebeba ndoo kichwani. Lakini pampu iliposimama, hakuwa na hati yoyote iliyomfanya awe mdai. Hakuwa mteja. Alikuwa mnufaika, na mnufaika huomba, hadai.

Njia za kulalamika zilikuwapo, nazo zilikuwa za kisiasa. Balozi wa nyumba kumi alipeleka neno kwenye tawi la chama. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na uonevu, na ukawapa wananchi lugha ya kumhoji mtendaji. Chombo cha pekee zaidi kilikuwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya. Tume hiyo ilipokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa umma, ilizunguka mikoani kuyasikiliza, wala mlalamikaji hakuhitaji wakili. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na sikio lililokaa nje ya ofisi iliyolalamikiwa.

Mipaka ya Tume ilikuwa katika uwezo wake. Ilichunguza na kumpelekea Rais taarifa na mapendekezo. Haikutoa amri ya kumlazimisha mtendaji. Mlalamikaji alitegemea hisani ya juu. Hata hivyo Tume iliacha urithi wa utaratibu: malalamiko yaandikwe, yaliyolalamikiwa yajibiwe, na mchunguzi asiwe mmoja wa wanaobishana. Urithi huo uliingia katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliyochukua nafasi yake mwaka 2001, na, kwa njia nyingine, katika mamlaka za udhibiti zitakazojadiliwa hapa chini.

4.0 Kurudi kwa Ankara na Kuzaliwa kwa Mteja

Mgogoro wa uchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 uliifanya ahadi ya maji ya bure isitekelezeke. Mafuta na vipuri viliadimika na pampu zilisimama. Programu ya HESAWA, iliyofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara kuanzia 1985, ilielekeza nguvu kwenye visima vifupi na pampu za mkono, na ikadai mchango wa wanakijiji katika ujenzi na matunzo. Sera ya Maji ya mwaka 1991 iliitambua kanuni ya uchangiaji, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaifanya kuwa msingi wa huduma.

Mugango–Kiabakari uliingia katika kundi dogo la miradi iliyoitwa miradi ya kitaifa, pamoja na Makonde, Wanging'ombe na mingineyo, kwa kuwa ilivuka mipaka ya mji mmoja. Mamlaka za namna hii zilibeba mkanganyiko wa kimuundo. Zilitakiwa kujiendesha kwa mapato ya wateja, ilhali umeme wa kusukuma maji ulimeza mapato hayo, na zile dhaifu zaidi zilitegemea ruzuku ya serikali kulipia umeme na mishahara. Mamlaka ya maji ilikuwa mdai kwa kaya na mdaiwa kwa TANESCO. Shinikizo la deni la juu lilishuka hadi kwenye ankara ya chini.

Ni katika mazingira hayo ndipo makosa ya ankara ya maji yanapaswa kueleweka. Makosa hayo ni ya aina nne kuu. La kwanza ni makadirio: msomaji hakufika, au alikuta lango limefungwa, akaandika kiasi cha kukisia. La pili ni usomaji mbaya, ambapo tarakimu moja huhamia mahali pasipo pake. La tatu ni dira mbovu, au dira inayozungushwa na hewa wakati maji yanaporudi baada ya mgawo. La nne ni deni la kurithi, ambapo mpangaji mpya anadaiwa maji aliyoyatumia mpangaji aliyeondoka.

Kwa maji, uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ambazo ni ndoo 50 za lita 20. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Dira iliyosomeka 1842 mwezi uliopita na 1857 mwezi huu imepitisha uniti 15, sawa na ndoo 750, au ndoo 25 kwa siku kwa mwezi wa siku 30. Ankara ya uniti 150 kwa nyumba hiyo ingekuwa na maana kwamba kaya imetumia ndoo 250 kila siku. Mtu yeyote aliyewahi kuchota maji anajua kwamba hilo haliwezekani kwa familia isiyo na bustani ya kumwagilia wala bomba linalovuja. Kigezo cha ndoo kina nguvu kwa sababu kinairudisha tarakimu ya ofisini katika kipimo cha nyumbani. Kinafanya kazi ambayo tikiti ya kodi haikuweza: kinapima kama dai lenyewe linaingia akilini, kabla hata ya kuuliza kama limelipwa.

Hata hivyo, kigezo cha ndoo peke yake hakishindi shauri. Mtoa huduma anaweza kujibu kwamba maji yalivuja, na sheria ya desturi ya huduma hii inagawa wajibu kwenye dira: bomba la kabla ya dira ni la mamlaka, la baada ya dira ni la mteja. Kwa hiyo kaya yenye hoja imara huwa na vitu vitatu pamoja: usomaji wa miezi mfululizo ulioandikwa na yenyewe, ankara za zamani zinazoonesha matumizi ya kawaida, na ushahidi kwamba hakuna uvujaji, ambao hupatikana kwa kufunga koki zote na kutazama kama dira inaendelea kuzunguka. Pale dira yenyewe inaposhukiwa, upo Wakala wa Vipimo, wenye wajibu wa kisheria wa kuhakiki vipimo. Kituo chake kikuu cha kupimia dira za maji kiko Misugusugu, Kibaha, upande wa pili wa nchi kutoka Butiama. Haki ya kupimiwa dira ipo katika sheria. Kuifikia ni suala la nauli na muda.

Umuhimu wa ankara sahihi haukuwa wa kaya peke yake. Jijini Dar es Salaam, kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya maji mwaka 2003, ikashindwa kusimamia ankara na makusanyo kwa kiwango kilichotarajiwa, na mkataba ukavunjwa mwaka 2005. Shauri lake la kimataifa lilitolewa uamuzi mwaka 2008. Tukio hilo lilionesha kwamba mfumo wa huduma unaweza kuanguka kwa udhaifu wa ankara hata pale mabomba yanapokuwapo.

5.0 Sikio la Tatu: Mdhibiti na Ngazi za Malalamiko

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Pamoja nayo liliundwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lenye kazi ya kuwatetea na kuwaelimisha watumiaji. Kwa historia ya malalamiko, hatua hii ina uzito kuliko inavyotajwa. Iliunganisha mambo mawili yaliyokuwa yametengana: uchunguzi huru, kama ule wa Tume ya Kudumu, na uwezo wa kutoa uamuzi unaomfunga mtoa huduma.

Ngazi zake ni rahisi kueleza. Mteja huanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na kupewa nafasi ya jibu. Asiporidhika hupeleka malalamiko EWURA. Mtoa huduma hutakiwa kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Pande zote huitwa kwenye usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana shauri husikilizwa, hoja za ubishi huainishwa, ushahidi hupokelewa na uamuzi hutolewa pamoja na sababu zake. Asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani, lililoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Utaratibu huu umebadilisha mzigo wa kuthibitisha kwa vitendo. Katika ofisi ya ankara, mteja ndiye aliyeulizwa: una ushahidi gani kwamba hukutumia? Mbele ya msuluhishi, swali la kwanza humwelekea mdai: ni usomaji upi uliozaa kiasi hiki, ulisomwa lini, na nani? Ankara ya makadirio haina jibu la swali hilo. Ndiyo maana mashauri mengi ya namna hii yanaweza kumalizika katika usuluhishi. Mtoa huduma anapotakiwa kuleta kumbukumbu za usomaji, mara nyingi kosa hujidhihirisha lenyewe katika kumbukumbu hizo, na ankara hurekebishwa bila mshindi kutangazwa.

Ni vema kulinganisha njia hii na mahakama za kawaida. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti la kuomba kibali cha serikali kabla ya kuishtaki. Sharti la kutoa notisi ya siku 90 lilifuata. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliongeza mashirika ya umma katika maana ya serikali kwa mashauri ya aina hiyo, kwa hiyo anayetaka kulishtaki shirika la umma anapaswa kutoa notisi, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu na kwenda Mahakama Kuu. Kwa ankara ya maji ya kaya moja, gharama ya njia hiyo inazidi deni lenyewe mara nyingi. Njia ya mdhibiti, isiyohitaji wakili, imebaki kuwa mlango pekee wenye kimo cha mlalamikaji wa kawaida.

Hata mlango huo una kizingiti. Ofisi ya EWURA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Kwa mkazi wa Butiama, siku ya kusikilizwa shauri ni siku ya nauli, chakula na kazi iliyoachwa. Mtoa huduma humtuma mtumishi anayelipwa posho. Mteja hujituma mwenyewe. Usawa wa pande mbili mbele ya msuluhishi unaanza kupungua njiani kabla ya kikao kuanza. Kwa hiyo mafanikio ya malalamiko katika wilaya za pembezoni yametegemea sana hatua ya kwanza, ile ya barua kwa mtoa huduma yenye muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo huwafanya wengi wasifike Mwanza kabisa, kwa kuwa ofisi inayojua kwamba nyaraka zimekamilika hupendelea kurekebisha mapema.

6.0 Mita Kama Nyumba: Umeme na Malipo ya Kabla

Umeme ulifuata njia tofauti. TANESCO ilianzisha mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, katika miaka ya 1990, na Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007 ukausambaza mfumo huo pamoja na nguzo zake vijijini. Kwa kaya ya Butiama iliyounganishwa katika awamu hizo, ankara ya umeme ya mwisho wa mwezi haikuwahi kuwapo. Ilianza moja kwa moja na tokeni.

LUKU iliua makosa mawili ya zamani: makadirio na usomaji mbaya. Lakini makosa hayakwisha. Yalihama kutoka kwenye kiasi kwenda kwenye kundi. Mteja mdogo wa daraja la D1 aliyetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi alilipia shilingi 100 kwa uniti, na wa daraja la T1 alilipia shilingi 292 kwa bei zilizoanza Aprili 2016. Kwa uniti 75, tofauti ni kati ya shilingi 7,500 na shilingi 21,900 kabla ya kodi na tozo. Kaya iliyopangwa daraja lisilo lake haioni kosa lolote kwenye mita. Inaona tu kwamba fedha ileile inaleta uniti chache. Kupinga hapa kunahitaji kumbukumbu ya manunuzi ya miezi kadhaa ili kuonesha kwamba matumizi yako chini ya ukomo.

Mwaka huohuo wa 2016 unatoa mfano wa pingamizi lililofaulu kwa pamoja. Wateja wa T1 walikuwa wakilipa shilingi 5,520 kila mwezi kama gharama ya huduma, hata kama hawakutumia umeme. Kwa mwaka, hiyo ni shilingi 66,240. Amri ya bei ya EWURA ya Aprili 2016 iliiondoa. Malalamiko ya mtu mmoja mmoja yasingeweza kuifuta, kwa kuwa tozo hiyo ilikuwa halali; mchakato wa wazi wa kupitia bei ndio ulioweza.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukusanywa kupitia ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango vilipanda hadi shilingi 1,500 na 7,500. Kwa utaratibu huu mita ilifanywa iwakilishe nyumba, kama kibanda kilivyofanywa kiwakilishe kaya mwaka 1922. Makosa yakafuata mantiki ileile. Nyumba moja yenye mita mbili ilihesabiwa mara mbili. Mpangaji alikatwa kodi ya mwenye nyumba. Mmiliki mzee aliyestahili msamaha kwa nyumba anayoishi alikatwa kabla ya mtu yeyote kumuuliza umri wake. Boma la Kizanaki lenye nyumba kadhaa chini ya ukoo mmoja, lililomsumbua mkusanyaji wa kikoloni, likarudi kuusumbua mfumo wa kompyuta.

Serikali ilieleza kwamba mdaiwa ni mmiliki na kwamba mita za ziada katika jengo moja ziripotiwe ili ziondolewe kwenye makato. Marekebisho yaliwezekana, na walioripoti walikuwa na njia. Hata hivyo, mpangilio wa pingamizi ulikuwa umegeuka. Mteja wa ankara hubishana akiwa bado na fedha yake mkononi, na mtoa huduma ndiye anayefuatilia. Mteja wa tokeni hubishana akiwa ameshakatwa, na yeye ndiye anayefuatilia marejesho. Isitoshe, kodi ina msimamizi wake, umeme unasimamiwa na TANESCO, na malalamiko ya umeme na EWURA. Mkato mmoja una milango mitatu, na kila mlango unaweza kumwelekeza mlalamikaji mlango mwingine.

7.0 Maji Mapya, Dira Mpya

Historia hii inarudi Mugango. Mradi mpya wa Mugango–Kiabakari–Butiama, uliofadhiliwa na Serikali ya Tanzania, Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika na Mfuko wa Maendeleo wa Saudi Arabia, uliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022. Ulisanifiwa kuzalisha lita milioni 35 kwa siku, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maji ya Musoma. Maji mengi zaidi yana maana ya dira nyingi zaidi, na kaya ambazo hazijawahi kupokea ankara zinaingia kwa mara ya kwanza katika uhusiano uliojadiliwa hapa.

Katika kipindi hichohicho Waziri wa Maji, Jumaa Aweso, alikemea mara kwa mara bili za kubambikiwa, akazitaka mamlaka zisome dira kwa kumshirikisha mteja na zielekee kwenye dira za malipo ya kabla. Maagizo hayo mawili yanaelekea pande tofauti kuliko inavyodhaniwa. Usomaji shirikishi huimarisha kumbukumbu ya pande mbili: tarakimu moja huonwa na macho mawili siku moja, na ubishi huzuiwa kabla haujazaliwa. Malipo ya kabla huondoa usomaji wenyewe, na pamoja nao siku ya mwezi ambapo mtumishi wa mamlaka na mwenye nyumba husimama mbele ya dira moja.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba uwezo wa kaya ya Butiama kupinga dai lisilo sahihi haukukua kwa mstari ulionyooka. Chini ya kodi ya kibanda palikuwapo kumbukumbu bila sikio la tatu. Katika enzi ya maji ya bure palikuwapo sikio, lakini mwananchi hakuwa na hati iliyomfanya awe mdai. Tangu 2006 vyote viwili vimekutana, na katika makutano hayo ndimo pingamizi lililofaulu limepata nafasi yake: usomaji ulioandikwa nyumbani, barua yenye muhuri, na chombo kinachoweza kumwamuru mtoa huduma. Ankara, iliyolaumiwa kwa kuwageuza raia kuwa wateja, ndiyo pia iliyowapa hadhi ya kuuliza swali linalostahili jibu.

Malipo ya kabla yanaiweka hadhi hiyo katika jaribio jipya. Ikiwa makato yatatangulia maelezo, basi kumbukumbu za manunuzi zinapaswa kumfikia mteja kwa urahisi kama ankara ilivyomfikia, mlango wa malalamiko uwe mmoja kwa makato yote yanayopita kwenye mita moja, na kusikilizwa kufanyike wilayani. Bila hayo, kaya ya Butiama itakuwa imefunga safari ya miaka 100 kutoka kuhesabiwa kwa vibanda vyake hadi kuhesabiwa kwa mita zake, huku mzigo wa kulithibitisha kosa ukibaki juu ya anayelipa.